Bi Kwanini, Mkalimani wa Mabosi wa Nchi Mbili

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, mkalimani wa kiwanda chetu cha vigae anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi tumezoea kumwita Bi Kwanini, na yeye huitika bila kinyongo.

Alianza chini ya wamiliki wa kwanza, familia iliyotoka nchi ya baridi. Huko, alitueleza, mfanyakazi ana kiti kwenye bodi, na kodi inakula karibu nusu ya mshahara, lakini mtoto akizaliwa mzazi anakaa nyumbani miezi mingi huku analipwa. Hakuna aliyemtuma kuyauliza hayo. Akishamaliza kutafsiri kikao, alimfuata meneja koridoni: kwa nini mnakubali? Asiye na mtoto hanung'uniki? Meneja yule, mzee mpole, chakula chake cha mchana kilipoa mara nyingi kwa sababu yake. Wamiliki hao ndio waliotujengea chumba cha watoto kando ya ghala, na wanangu wawili wamekulia mle. Ndio pia waliojadili tanuri jipya miaka mitatu bila kulinunua. Bi Kwanini alisimulia yote mawili.

Kisha kiwanda kikauzwa. Wamiliki wapya walikuwa wanahisa wa nchi nyingine, watu tusiowahi kuwatia machoni, waliosubiri taarifa ya faida kila robo mwaka. Mkurugenzi waliyemleta, mama mmoja mwenye mwendo wa haraka, alinunua tanuri mwezi wake wa pili tu, na kazi ikachangamka. Mwaka uliofuata akatuita sote kwenye ukumbi wa chakula. Chumba cha watoto kifungwe, alisema. Ni gharama isiyozalisha.

Bi Kwanini alitafsiri neno kwa neno, sauti haikutetereka. Alipomaliza akaweka maikrofoni mezani.

"Naomba ruhusa," alisema kwa lugha zote mbili. "Hapa sitafsiri, nauliza mwenyewe. Bosi, wewe ulipojifungua kwenu, nani alikushikia mtoto?"

Roho zilitutoka. Kibarua chake kingeweza kuota nyasi palepale.

Mkurugenzi akajibu taratibu, na Bi Kwanini, kwa mazoea, akatutafsiria. Mkurugenzi alirudi kazini mtoto wake akiwa na wiki sita. Sehemu kubwa ya mshahara ilikwenda kwa walezi, na maziwa aliyakamua chooni ofisini. Hakuna aliyecheka. Kwao, aliendelea, kodi ni ndogo na mtu akijituma anapanda haraka. Yeye mwenyewe alipanda. "Lakini hilo la chooni," alimalizia, "sijawahi kumwambia mtu."

Chumba hakikufungwa. Wazazi tulianza kuchangia gharama zake, na sherehe ya mwisho wa mwaka ikafutwa ili kufidia zilizobaki, tukanuna wiki nzima.

Ukimuuliza Bi Kwanini mfumo wa nchi ipi ni bora, hakupi jibu la mkato. Anataka ujiulize kwanza umeuingia kama nani: mgonjwa, mwenye duka, kijana anayetafuta ajira, au mama mwenye kichanga. Anachosha, tukubali. Mpishi wa kantini alishawahi kumtengea meza ya pembeni ili wengine wale kwa amani, na meza hiyo ndiyo ikawa inajaa kwanza.

Sasa kuna jambo jipya. Mfuko wetu wa pensheni umenunua hisa za kampuni inayomiliki kiwanda hiki, maana yake pensheni za wastaafu nazo zitategemea faida hiyo hiyo. Bi Kwanini aliposikia aliduwaa. "Kumbe na mimi nitaanza kusubiri taarifa ya robo mwaka?" aliuliza, akacheka hadi miwani ikamdondoka. Tangu hapo anaulizia mkutano mkuu wa wanahisa ni lini, na kama mstaafu anaruhusiwa kunyoosha mkono. Anaruhusiwa.

Bi Kwanini, ahsante kwa kutufikishia maneno ya wakubwa, na kuwafikishia wao ya kwetu. Upumzike vizuri, na afya isikupungukie. Mkutanoni tutakuwekea kiti cha mbele, karibu na maikrofoni.