Pazia, Kaka Yetu Muuguzi

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, kifungua mimba wa Baba, fundi seremala, na Mama, mshonaji. Alimaliza sekondari mwaka 1998. Baba alimtaka awe daktari, yeye akachagua uuguzi. Baba alisema hiyo ni kazi ya dada zake, akasusia mahafali yake mwaka 2002.

Aliajiriwa wodi ya upasuaji. Mwanzoni wenzake walimwita palipohitajika misuli tu, kubeba mtungi wa oksijeni au kumshika mgonjwa mkorofi. Wagonjwa walimwita daktari, na alipowasahihisha wengine walimpa pole. Wanawake walijifunika gubigubi akikaribia. Hakununa. Akazoea kusimama nje ya pazia la kitanda na kusema, “Mimi ni muuguzi, na ni mwanamume. Nikuhudumie, au nimwite dada?” Ndipo wakambandika jina la Pazia, naye akalipenda. Baba alifika wodini siku moja, akamkuta akiongea na pazia, akageuka na kuondoka bila salamu. Aliendelea kuwaambia majirani kuwa mwanawe ni daktari. Jambo hilo lilimuuma sana kaka.

Tarehe 18 Agosti 2007 alifunga ndoa na mwalimu, wakajaliwa mabinti wawili. Yeye ndiye aliyewasuka. Mistari ilikwenda upogo, na mabinti walitoka nayo hivyo hivyo, kwa kumhurumia.

Mwezi Agosti mwaka jana aligundulika ana saratani ya uti wa mgongo, na miguu ikapooza. Tulimleta hapa nyumbani. Wifi yangu alielemewa kumgeuza peke yake, vidonda vikaanza. Asubuhi moja Baba alisimama mlangoni na beseni la maji.

“Mimi ni baba yako,” alisema. “Nikuhudumie, au nimwite mama yako?”

Kaka alisogeza shuka pembeni.

“Nihudumie, Baba. Anza na mgongo.”

Tangu siku hiyo Baba hakumwachia mtu mwingine kazi ile. Maumivu hayakupungua, na mwisho dawa hazikusaidia kitu. Kaka alifariki tarehe 14 Mei, alfajiri, akiwa amegeuzwa ubavu wa kulia.

Ameacha wazazi, mke, mabinti wawili na sisi wadogo zake watatu. Jeneza hili amelitengeneza Baba. Juu ya kifuniko amechonga neno moja, Muuguzi, na leo asubuhi amewasomea majirani kwa sauti. Kaka hakuwahi kumsikia akilitamka.

Pumzika, Pazia. Mungu akupe amani.