Casimir Wilondja, Aliyezuia Pumzi kwa Ajili ya Picha

Ninyi wa Lweba, na ninyi mliovuka ziwa kutoka Ubwari, mtu tunayemlaza hapa leo ni Casimir Wilondja. Alizaliwa Lweba mwezi wa tatu 1927, mtoto wa pili wa mzee Asukulu, mvuvi, na mama Andjelani. Kabla hajajua kuvaa suruali alikuwa anazama kufungua nyavu za baba yake zilizokamatwa na mawe. Bamama waliokuwa wakiosha vyombo walimhesabia mpaka mia, wakaanza kulia, naye akatokea akicheka.

Alisoma miaka mitano kwa mapadri, Baraka. Baba yake alipougua mguu, 1941, alirudi kwenye mtumbwi.

Tarehe 20 Juni 1953 alimwoa Immaculée wa Makobola. Hakuwahi kumpigia kelele.

Mwezi wa tano 1956 Bwana Henri, mzungu wa kupiga picha za samaki, alifika Baraka na machupa ya hewa ya kubeba mgongoni. Casimir alimshikia taa chini ya maji miezi miwili. Mwezi uliofuata alishika aparei yenyewe ya kupigia picha, iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye kioo. Bwana Henri alimpa sheria moja kubwa: "Usizuie pumzi. Ukipanda, toa hewa."

Lakini mapovu ya hewa yalifukuza samaki, na picha zilitoka na mawe matupu. Siku moja Casimir alizuia pumzi, kama zamani penye nyavu. Samaki wakamsogelea mpaka puani. Mzungu alipoona picha zile alipiga makofi.

"Umefanya namna gani?"

"Nilinyamaza tu, Bwana."

Mzungu alielewa. Alisema, "Basi fanya vilevile." Ile sheria hakuitaja tena.

Nyumbani Casimir alisimulia habari za samaki mmoja anayeokota watoto wake kwa mdomo.

"We muongo," mke wake alimwambia. "Mama gani anakula batoto bake?"

"Habali, anabaficha. Hatari ikipita, anabatapika bote bazima."

Shemeji yake Anatole akacheka: "Lete na picha yao wakienda kanisani!"

Tangu siku hiyo aliitafuta picha ile, mwaka mzima.

Alhamisi tarehe 5 Septemba 1957, penye mawe ya Ubwari, aliipata. Alizuia pumzi, akapiga. Samaki akapanda, naye akamfuata juu, pumzi bado imefungwa, kama alivyozoea toka utoto. Lakini hewa ya chupa si hewa ya mtumbwini. Ukipanda nayo inavimba, inapasua mapafu. Alitoka majini na damu mdomoni, upande wa kuume umekufa. Anatole alimleta hospitali Baraka.

Alilala siku tisa. Kila aliyeingia alimuuliza, "Picha ilitoka?" Siku ya nane Bwana Henri aliileta: samaki mama, mdomo wazi, watoto wanaingia wadogo kama mbegu za mchicha. Casimir aliitazama sana. Halafu akaigeuza kwa mkono wa kushoto, akasoma nyuma. Pameandikwa jina la Henri, peke yake. Mzungu alipotoka, alimwambia mke wake, "Yeye siku ile alikuwa ndani ya mtumbwi, anamenya machungwa." Alifariki Jumamosi tarehe 14, saa tatu ya asubuhi.

Bwana Henri hayuko hapa. Jana mchana alipanda meli ya Usumbura na machupa yake na filamu zote.

Casimir anaacha mama yake Andjelani, mjane wake Immaculée, shemeji yake Anatole, binti yake Riziki wa miaka miwili, na Asukulu mdogo wa miezi mitano, anayenyonya. Alipiga picha za samaki wengi wasiohesabika. Yeye mwenyewe hakupigwa hata moja. Batoto bakiuliza sura ya baba yao, wataonyeshwa samaki.

Picha ile ya hospitali itapita sasa mikononi mwenu. Mkiigeuza mtaona jina moja limekatwa kwa kalamu, na chini yake Casimir Wilondja. Ni mwandiko wa mjane wake. Asiulizwe mtu mwingine.

Pumzi ile aliyoizuia, Mungu amruhusu sasa kuitoa, polepole, apumzike.