Jina la Ethel na Nzi wa Mlimani

Waliokuwepo kando ya kitanda cha marehemu Cuthbert katika wodi ya wanaume, Hospitali ya Ndanda, asubuhi ya Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025, ni hawa: mama yake mzazi, Bibi Scholastika Namkambe, mkewe, Bibi Stella Chilumba, mwanawe, Bwana Oscar Cuthbert Chinguile, Bibi Ziada Ashiru, jirani na mtani wa ukoo, Bwana Nikolao Kobelo, aliyefanya naye kazi Morogoro, mjomba wake, Alfredi Namkambe, ambaye ndiye aliyeiandika historia hii ya marehemu na anayeisoma hapa msibani, mpwa wake, Bibi Rose Yoeli Mnali, na binti wa Rose, mwenye umri wa wiki saba, ambaye hawezi kutajwa kwa jina kwa sababu hana.

Cuthbert Bartholomayo Chinguile alizaliwa Newala tarehe 3 Mei 1966, mtoto wa kwanza wa Mwalimu Bartholomayo Chinguile na Bibi Scholastika, na tarehe 11 Juni 1970 akazaliwa mdogo wake, Ethel, na hao wawili ndio watoto pekee wa nyumba ile waliokua. Mwaka 1973 Mwalimu alihamishiwa Lupaso, na huko Cuthbert alisoma shule ya msingi, mtoto mkimya, asiyependa mpira, aliyezoea kulala kifudifudi chini ya mikorosho akiwatazama wadudu, huku Ethel akisimama kando yake na kijiti, akiwafukuza kuku wasije wakawala wale wadudu kabla kaka yake hajamaliza kuwatazama. Alisoma Sekondari ya Chidya kuanzia mwaka 1981, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikopata shahada ya elimu ya wanyama mwaka 1991, na mwaka uliofuata aliajiriwa na taasisi moja ya utafiti mjini Morogoro, akashughulika na wadudu wa misituni hadi maradhi yalipomzuia.

Alifunga ndoa na Bibi Stella mjini Masasi tarehe 16 Septemba 1995, wakajaliwa mtoto mmoja, Oscar, aliyezaliwa mwaka 1998. Ethel naye aliolewa Masasi, akamzaa Rose mwaka 1997, na tarehe 9 Februari 2004 alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa ameugua siku tatu tu. Mvua zilikuwa zimeikata barabara ya kusini, basi la Cuthbert likalala njiani, naye alifika Masasi akakuta watu wamekwisha kuzika na kunawa mikono. Alimchukua Rose, mtoto wa miaka saba, akaenda naye Morogoro, na Bibi Stella akamlea pamoja na Oscar bila kuwatofautisha.

Wanaukoo wanajua, na wageni waelezwe, kwamba kwetu jina la marehemu halizikwi naye, hukaa likisubiri mtoto wa kulirithi, na mwenye mamlaka ya kulitoa jina la mwanamke ni kaka yake. Kwa hiyo jina la Ethel lilikuwa mikononi mwa Cuthbert.

Mwezi Novemba 2012, katika msitu wa juu wa mlima mmoja mkoani Morogoro, pale ambapo ukungu hauondoki na miti imejikunja kwa baridi, Cuthbert na Nikolao walimkuta nzi ambaye hawakuwa wamewahi kumwona, mdogo kama punje ya ulezi, mweusi, mabawa yake yamesinyaa asiweze kuruka, akitembea juu ya magome yenye maji. Ili nzi akubalike kuwa mgeni ni lazima alinganishwe na jamaa zake wote wanaojulikana, na kazi hiyo ilimchukua Cuthbert zaidi ya miaka mitatu, akiazima nzi waliokauka kutoka majumba ya makumbusho ya ng'ambo, akihesabu vinyweleo vya miguu kwa hadubini, akichora sehemu za nyuma za dume, kwa kuwa huko ndiko nzi wa ukoo mmoja hutofautiana na wa ukoo mwingine. Hakuandika kitu asichokiona kwa macho yake. Jike pekee alilokuwa nalo lilikuwa limepotelewa na mguu mmoja, wenzake wakamshauri auchore kwa kukisia, akakataa, akangoja msimu mwingine wa mvua apande tena mlimani kulitafuta jike zima. Maelezo yake yalichapishwa Aprili 2016, na kwa kuwa elimu hiyo humpa mwandishi haki ya kumchagulia mdudu jina, alimpa jina la Ethel. Katika ukoo, aliyejua ni Bibi Stella peke yake.

Rose alijifungua mtoto wa kike tarehe 30 Julai 2025, na Jumamosi, tarehe 9 Agosti, wazee walikutana Lupaso, nyumbani kwa Bibi Scholastika. Rose aliomba jina la mama yake. Wazee waliridhia, wakamgeukia Cuthbert alitoe, naye alikuwa tayari mgonjwa wa moyo kwa miaka mitatu.

"Jina nimeshalitoa," alisema.

"Umempa nani?" aliuliza mama yake.

"Nzi, mama."

Bibi Ziada, ambaye kama mtani ana ruhusa, alicheka. "Nzi yupi, Baba Oscar? Huyu wa chooni kwangu?"

"Wa mlimani. Haruki."

"Afadhali. Hatatua kwenye uji."

Hakuna mwingine aliyecheka. Cuthbert alimweleza Rose kwamba miaka ile yote alikuwa na jina na hakuwa na mtoto, na aliogopa kufa nalo.

"Mimi nilikuwepo, mjomba," alisema Rose. "Ungeningoja."

Cuthbert akaeleza pia kwamba kwa sheria ya elimu ile, jina likishachapishwa haliondoki, hata aliyelitoa akijuta.

"Na letu ni hivyohivyo," alisema Bibi Scholastika. "Halikai kwa warithi wawili. Lakini mrithi akiombwa kwa heshima, ana kwa ana, kwa unga wa tambiko, anaweza kuliachia. Wewe ndiye uliyempa. Nenda kamwombe."

Wapo waliodhani anamwadhibu mwanawe, lakini jioni ileile aliutwanga mtama kwa mkono wake, akaufunga unga katika kitambaa cheupe, akamkabidhi.

Daktari wake alikuwa amemkataza kupanda hata ngazi. Tarehe 26 Agosti alianza kuupanda mlima pamoja na Nikolao, wakipita mashamba mapya ya maharage mahali palipokuwa na miti, na kabla ya kuufikia msitu wa juu pumzi ilimwishia, akaketi juu ya gogo. Nikolao alitaka kuendelea na unga peke yake, Cuthbert akasema si yeye aliyetumwa. Walishuka. Akasafiri hadi Masasi miguu imevimba, na tarehe 4 Septemba alilazwa Ndanda.

Shukrani zinasomwa hapa, kwa kuwa baada ya mwisho hakuna la kuongeza. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ndanda, majirani wa Lupaso waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake waliotoka Morogoro, na mapadri waliomfikishia sakramenti, na inamwombea usingizi usio na maumivu.

Asubuhi ile ya tarehe 18, wodini, mama yake alimwinamia. "Ulimkuta?"

Nikolao ndiye aliyejibu, kwa wema wake. "Tulimkuta, Bibi. Ameliachia."

Rose alimkumbatia mtoto, akaanza kulia. Hapakuwa na mtu wodini wa kulipinga neno lile, na mgonjwa hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Cuthbert aliishusha barakoa ya oksijeni.

"Hatukufika," alisema. "Sikumwona, mama."

"Mjomba, nyamaza tu," alisema Rose. "Nakuomba."

"Sikumwona."

Bibi Scholastika aliirudisha barakoa usoni pake, akaiweka sawa, akaketi. Rose alimfunga mtoto mgongoni, akatoka nje. Cuthbert Bartholomayo Chinguile alifariki saa nne asubuhi.