Mwalimu Teodori, Neno Felix na Mparachichi Usiozaa

Baada ya kufundisha Kilatini shuleni kwetu hapa Sumbawanga kwa miaka thelathini na minne, Mwalimu Teodori anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike mimi, dereva wa shule, kwa kuwa nimemsikia kupitia dirisha zaidi kuliko wengi walioingia darasani.

Somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa neno moja, felix. Wengi tulidhani ni jina la ubatizo tu. Kumbe kwa Warumi wa kale lilianzia shambani: mti felix ni ule unaozaa, ardhi felix ni ile yenye rutuba. Baadaye ndipo likaja kuwa mwenye bahati, mwenye heri. Na halibagui: mwanamume felix, mwanamke felix, kama sisi tusemavyo hodari. Watu wakiwa wengi ndipo linageuka, felices. Nimelifundisha hata gari la shule; siku hizi linapanda mlima bila kugoma.

Kinyume chake, infelix, alikifundisha kwa mparachichi ulio nje ya darasa, ambao haujatoa hata ua. Mpishi wetu Salome aliutaka uwe kuni kila kiangazi. Mwalimu alimwambia akiukata, basi akasimame yeye pale wanafunzi wamwone. Salome ana watoto tisa, akaona hafai kuwa infelix.

Mwaka jana bodi ilitamka kwamba asipopatikana wa kumrithi, Kilatini kinafutwa. Mwalimu alikonda. Nikawasha gari tukamtafute mrithi. Huko Kabwe, kando ya ziwa, tulimkuta Adriano, mwanafunzi wake wa zamani, akipakia dagaa. Alikumbuka sala ya Kilatini ya kabla ya chakula tu, tena nusu. Wakati wa kurudi upepo wa ziwa ulitusukuma hadi Namanyere injini ikiwa imezimwa. Isakwisa, naye aliyefundishwa na Mwalimu, sasa afisa mjini, alituamkia shikamoo vizuri sana, kisha akatorokea mlango wa nyuma.

Kijijini Kate ndipo tulipompata Angela, naye mwanafunzi wake wa zamani, sasa mwalimu wa shule ya msingi, akipalilia ulezi. Mwalimu alimuuliza maana ya felix. Hakutaja bahati. Aliinama, akachota udongo mweusi wa tuta, akamwekea kiganjani. Mwalimu aliushika udongo ule mpaka Sumbawanga. Mlango nilimfungulia mimi.

Bodi imeridhia. Angela anaanza Julai.

Mwalimu Teodori, asante. Huko nyumbani kwako Kizwite mahindi yako yajae na magoti yasikuume. Mparachichi bado haujazaa, na Angela ameshamwambia Salome asiuguse.