Lul Guleid Hakuinua Bakora

Mama yetu, Lul Guleid, aliagiza maneno haya yasomwe kwa Kiswahili, ili majirani na wateja wake wasiojua Kisomali nao wasikie. Aliagiza pia yasomwe kaka yake Khalif akiwepo. Yupo. Mimi ninayesoma ni Awil, mwanawe wa pili.

Marehemu alizaliwa Wajir mwaka 1971, binti wa mfuga ngamia. Alisoma huko huko hadi darasa la saba. Alipenda hesabu, lakini alichapwa kila alipouliza swali, mwisho akaacha kuuliza. "Nilitoka shuleni na adabu nyingi, sauti sina," alizoea kusema.

Mwaka 1994 aliolewa na Siyad Daud, dereva wa lori la mifugo kati ya Liboi na Garissa, wakahamia hapa Garissa mjini. Akawa muuza maziwa ya ngamia sokoni. Siku moja dada yetu mdogo Samsam, akiwa na miaka sita, aliliangusha dumu la maziwa, yote yakamwagika. Wenzake wa sokoni wakasema, "Mchape, asije akakuzoea." Mama alichutama mpaka macho yao yakalingana, akampa kitambaa. "Futa. Kisha twende ukawaambie wateja kwa nini leo hakuna maziwa." Samsam alifuta huku analia, akaenda, akasema mwenyewe kila hoteli. Mwenye hoteli mmoja alimkaribisha chai.

Shule zilipofungwa Agosti 2007, nilipelekwa Wajir kwa abti Khalif, mjomba wangu huyu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilipoteza mbuzi malishoni, akanipiga bakora mpaka mkono ukavunjika. Mama alipofika alimkuta anakunywa chai.

"Umemlea kama yai," Khalif alimwambia. "Nimekusaidia."

Mama akaitisha wazee. Khalif akadai mtoto hana mdomo mbele ya wazee.

"Wangu anao," mama akajibu.

Nikasimama, mkono umefungwa bendeji, nikaeleza. Wazee wakaamua Khalif aniombe radhi. Yeye akampelekea mama ngamia jike. Mama akamrudisha. "Ngamia hajui kuomba radhi," alisema.

Ukoo ukamtenga mama kwa kumkataa ngamia huyo. Harusi hakualikwa, na Idi hakuna aliyebisha hodi kwetu. Hakuyumba.

Mwaka 2012 aliyebisha hodi alikuwa Abdiwali, mwana wa Khalif, ametoroka kwao akiwa na miaka kumi na mitatu, mgongo umejaa alama. Mama alimlisha, kisha akampigia kaka yake simu. "Mwanao yuko kwangu. Ukimtaka, njoo uwaombe radhi, yeye na Awil." Khalif hakuja. Abdiwali akakaa. Miezi ya mwanzo alijikinga uso kila mtu aliponyoosha mkono mezani. Basi mama akawa anamwambia kwanza: "Abdiwali, nanyoosha mkono, nachukua sukari." Hakuchoka kusema hivyo, mpaka siku moja kijana akacheka na kumsogezea sukari mwenyewe.

Mwaka 2023 mama aligunduliwa kuwa na saratani ya koo la chakula. Alitibiwa hapa Garissa na Nairobi. Januari mwaka huu, alipokuwa hawezi kumeza hata maji, Khalif alikuja langoni.

"Nifungulie, nimuage dada yangu."

"Abti, neno lenyewe unalijua," nikamwambia.

"Siwezi kumwomba radhi mtoto."

Mtoto huyo alikuwa na ndevu. Mama alisikia yote kutoka kitandani. Sauti ilikuwa imemwisha, lakini alicheka. "Mwache aende," alininong'oneza. "Siku ya kusomwa wasifu wangu mkalishe mbele."

Tumekukalisha mbele, abti.

Marehemu alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 14 Februari 2025, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Khalif alikunja mikono ya kanzu ashuke kaburini, kama ilivyo haki ya kaka. Baba akamwambia, "Simama hapo hapo." Tulioshuka kumpokea ni mimi na Abdiwali.

Wapo waliotuambia tangu juzi kwamba mama alikufa amesamehe. Hakusamehe. Msamaha wake ulimngoja mwombaji miaka mingi, na mwombaji hakufika.

Marehemu ameacha mume, Siyad Daud, wajukuu wawili, na watoto wanne: Ruqiya, Awil, Samsam na Abdiwali. Kaka hakuacha.

Mola amjalie pumziko la amani.