Chipukizi Msimpe Mama Yenu Mdogo

Sogeeni, wanangu, na wewe mwanangu fundi bomba, zima hilo simu lako, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima na sitasema jambo mara mbili. Nyumba ni yenu nyote, msiiuze. Cherehani achukue binti, ndiye pekee humu asiyekata uzi kwa meno. Hayo ni mepesi. Zito ni ule mtapo wangu uani, huo mti mnaouita mnazi mfupi.

Mama yetu alitugawia miche miwili ya mitapo, mimi na mama yenu mdogo, akasema mkubwa achague kwanza. Nikachukua ulionenepa, nikamwachia mdogo wangu kijiti chenye jani moja, tena nikamcheka. Lakini mtapo hausemi kama ni dume au jike mpaka utoe kichwa, na hauna haraka; nimeolewa, nimewazaa ninyi nyote, ndipo wangu ukatoa kichwa chembamba cha poda ya njano tupu. Dume! Kijiti chake kikawa jike, kikabeba kichwa kama mtungi, mbegu nyekundu zimejipanga, akazimenya, akazianika, akaziloweka na kuzibadilishia maji siku nenda siku rudi mpaka sumu ikatoka, akasaga unga ambao mtaa mzima unausifu mbele yangu kana kwamba sina masikio.

Niliona wivu, wanangu, na ninao mpaka sasa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Ila bila poda ya dume langu, jike lake ni pambo tu. Kwa hiyo kila msimu yeye mwenye sifa zake alikuja, akabisha hodi, akasimama na kopo: "Dada, naomba poda." Nami humwambia, "Kaa kwanza," nikamkalisha mpaka jua linazama, ananimwagia ya moyoni mwake yote, nami nimenuna, nasikiliza. Hata mwaka ule tuliogombania kiwanja cha baba hakukosa kuja.

Juzi kaja hapa kitandani, akaomba chipukizi la dume langu akapande kwake, eti asiwasumbue ninyi nikishaondoka. Nikageukia ukutani. Akiwa na dume lake, kwetu atafuata nini?

Chipukizi msimpe. Wala wewe dereva usiukate mtapo upate pa kuegesha gari. Poda mpeni, msimpimie, lakini aje mwenyewe, na akija mkalisheni. Miguu ikimshinda, mfuateni na hilo gari, mumlete, mumrudishe jioni. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Kwa hiyo wake zenu wasiingie kati.

Mungu awape... awape mlango wa kubishwa hodi, na watu wa kuubisha. Niinueni kidogo. Basi, inatosha.

Sasa mmoja wenu aende kwake, amwambie nimekataa. Atakuja mbio kunigombeza... namjua. Nenda, mwanangu. Aje upesi.