Simu ya Droo ya Tatu

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mfungashaji mkuu wa programu katika ofisi yetu anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi. Wengi wenu hamlijui jina lililo katika cheti chake cha kuzaliwa. Mnamjua kama Bi Hebu Tuone, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilompa kila aliyemhakikishia kwamba jambo limekwisha.

Alianza kwa kuingiza data, akajifunza kutengeneza kurasa za wavuti, na kwa miaka kumi ya mwisho kazi yake ilikuwa moja. Vijana wa ghorofa ya pili huandika JavaScript, lugha ya kuendeshea kurasa za wavuti, kwa mtindo wa kisasa ambao simu za zamani haziuelewi. Kwa hiyo, kabla ya tovuti kutoka, msimbo, yaani maandishi yao ya programu, hutafsiriwa kuwa JavaScript ya zamani, kisha vipande vyote hufungwa katika furushi moja linalopakuliwa na kivinjari, programu ya simu inayofungua tovuti. Mashine hufanya hayo kwa sekunde arobaini na kutangaza kwa maandishi ya kijani kwamba imefaulu. Bi Hebu Tuone hakuyaamini maandishi hayo hata siku moja.

Katika droo ya tatu ya meza yake alitunza simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, ya aina ileile anayotumia shangazi yake. Kila furushi alilifungua humo kwanza. Simu ilichukua dakika nne kuwaka, naye alizisubiri huku akiwatazama vijana kama askari anayekagua mizigo.

Miaka sita iliyopita tulitengeneza tovuti ya miadi ya zahanati. Vijana walimwambia kila kitu kimetafsiriwa, mama, tulia. Simu ya droo ilikuwa kwa fundi, naye akakataa kuidhinisha furushi hadi irudi. Mwandishi wa wasifu huu alimshuku kwamba anajivutavuta tu, akamwandikia meneja barua kali ya malalamiko. Meneja akaamuru tovuti itoke.

Jumatatu shangazi alipata ukurasa mweupe. Alikuwa amebakiwa na vidonge vya presha vya siku mbili. Akatembea hadi zahanati, akakuta foleni ya watu wenye simu kama yake na ukurasa kama wake.

Kosa lilikuwa dogo. Vijana walikuwa wameiagiza mashine itafsiri msimbo wao na kuliruka kabrasha la msimbo ulioazimwa kwa wengine, wakiamini kwamba huo huja ukiwa tayari umetafsiriwa. Kipande kimoja hakikuwa tayari, na alama moja isiyoeleweka inatosha kukifanya kivinjari kikatae furushi zima. Bi Hebu Tuone hakumgombeza mtu. Aliuliza tu ni nani aliyekuwa ameliona furushi likifunguka, kwa macho yake.

Tangu hapo hakuna furushi lililotoka bila kupita katika ile simu. Barua ya malalamiko, aliyokabidhiwa na meneja, anayo bado. Ameikunja na kuiweka chini ya chaja.

Wiki iliyopita vijana waliandaa ukurasa wa wasifu huu na kuapa kwamba ni salama, hasa kwa kuwa shangazi angeusoma nyumbani. Mstaafu mtarajiwa akavuta droo. Dakika nne baadaye tuliutazama pamoja ukurasa mweupe. Ili kumfurahisha, walikuwa wameongeza maua yanayodondoka juu ya picha yake, na hayo maua yalikuwa ya kuazima. Hayakuwa yametafsiriwa. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akawarudisha ghorofa ya pili.

Dada yetu, asante kwa kila asubuhi uliyotuchelewesha. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na jirani asiyekuuliza habari za kompyuta. Simu imebaki katika droo ya tatu, ina chaji, na ufunguo anao yule aliyeandika ile barua ya malalamiko. Ukurasa huu ameufungua humo mwenyewe, mara mbili. Maua yanadondoka.